Nilikwenda Kuuliza Bei, Wakanilaza

Siku niliyolazwa kwenye kituo cha kuachisha watu pombe, nilikuwa sijawahi kuonja hata bia.

Nilikwenda kuuliza bei tu.

Naomba mnivumilie, maana hata haya naandika kwa mkono mmoja, wa pili nimejifunika uso.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Chuo nimesoma, cheti ninacho, ila sauti sina. Walimu wenzangu waliniita Mwalimu Mnong'ono wiki ya kwanza tu ya kazi, na jina likanata. Watoto wa miaka mitano huniambia, "Mwalimu, ongea tusikie."

Nyumbani nina makopo matatu ya dawa ya mende. Mara zote tatu nilikuwa nimeomba dawa ya meno, muuzaji akanisikia vibaya, nami nikaona haya kumrekebisha.

Sasa kaka yangu.

Kaka ni mchora mabango. Wazazi wetu walipofariki, yeye alikuwa na miaka ishirini, mimi nane. Alinilea kwa brashi. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye kuta za maduka, milango ya saluni na ubavu wa malori. Herufi zake zilinyooka hivi kwamba watu walisema rula ndiyo inajifunza kwake.

Halafu pombe ikaingia. Mwanzo jioni, baadaye mchana, mwisho ikawa anaamka nayo.

Mabango yakaanza kusema ukweli kabla yake.

Kinyozi mmoja aliagiza KINYOZI WA KISASA. Akapata KINYOZI WA KISASI. Wateja wakawa wanachungulia mlangoni na kuendelea na safari.

Shule moja ikamwita aandike ukutani USIKOJOE HAPA. Kaka akasahau herufi mbili tu, SI. Ukuta ukasomeka UKOJOE HAPA, kwa maandishi mazuri, makubwa, ya bluu.

Watu wakatii.

Mwalimu mkuu alipokuja kulalamika nyumbani, kaka alimsikiliza vizuri, kisha akasema kosa ni la ukuta, ulikuwa na unyevu.

Nikimwambia kwamba pombe inammaliza, jibu lake lilikuwa moja miaka yote. "Mdogo wangu, mimi si mlevi. Nakunywa. Mlevi ni anayeanguka."

"Juzi ulianguka, kaka."

"Ile ilikuwa ngazi."

Kweli ilikuwa ngazi, lakini yeye ndiye alikuwa juu yake. Mkono ukateguka. Daktari aliyemfunga bandeji alinivuta pembeni, akaniambia mkono utapona, ini ndilo halina subira. Akanionya nisimwachishe ghafla nyumbani, mwili uliozoea pombe unaweza kumgeuka mtu. Nitafute kituo chenye wauguzi, na nisichelewe.

Nikaanza kutafuta.

Kituo cha kwanza kilikuwa na bwawa la kuogelea. Dada wa mapokezi aliponitajia bei kwenye simu, nilimwomba arudie. Nilidhani amenipa namba ya simu ya bosi.

Wa pili hakuwa na kituo, alikuwa na unga. Unamtilia mgonjwa kwenye chai, hajui hili wala lile, siku tatu amepona, na ukileta wagonjwa wawili wa tatu bure. Nikamuuliza kwa upole kama ana leseni. Mtandao ukakatika ghafla kwa upande wake.

Nikaenda ofisi ya bima. Karani akaniambia wanalipia ajali, hata ile ya kaka ya ngazi. Nikauliza, na pombe? Akafikiri kidogo, akasema pombe ni starehe, labda nijaribu kuja nayo kama ngazi.

Cha tatu nilikipata kwenye orodha ya daktari. Kimesajiliwa, kina wauguzi, hakina bwawa. Kiko nyuma ya mtaa wa mafundi seremala. Siku tisini, nusu ya malipo unatanguliza, iliyobaki unalipa kidogo kidogo.

Hiyo nusu ndiyo ilikuwa akiba yangu ya miaka mitatu, ya kurudi chuo kusomea shahada. Niliitoa yote, nikaiweka kwenye bahasha, nikaomba ruhusa kazini.

Asubuhi ile, wakati nachota mchele, mkono wangu ukagusa kichupa cha pombe kali ndani ya ndoo. Sikujua nikifanyie nini. Nikakitia kwenye mkoba, nikaondoka.

Kumbukeni hicho kichupa.

Getini palikuwa na mlinzi, mzee mwenye redio ndogo begani. Nilikuwa nimejifunza cha kusema njia nzima. Nilipomfikia, maneno yakanikimbia yote. Yakabaki mawili.

"Samahani. Saa ngapi?"

Akanitazama kwa huruma sana. "Saa nne na robo, mwanangu. Pita ndani. Wengi wenu huanza na saa."

Sikumwelewa. Nikapita.

Mshauri wa kituo alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, kila mtu anamwita Shangazi. Akanikalisha, akavuta faili jipya.

"Karibu. Umekuja kwa ajili ya nani?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ningesema "kaka yangu" yote yasingetokea. Lakini nilihisi nikimtaja kaka mbele ya mgeni nitakuwa nimemvua nguo hadharani.

Nikasema, "Kwa ajili ya mtu."

"Mtu wa karibu?"

"Wa karibu sana. Tunaishi pamoja."

Shangazi akashusha miwani. "Huyo mtu anakunywa kila siku?"

"Kila siku. Tangu akiamka."

"Mikono yake inatetemeka?"

"Inatetemeka." Na yangu ikaanza kutetemeka palepale, kwa haya. Akaitazama.

"Anaona aibu kukubali?"

"Sana, Shangazi." Machozi yakanitoka.

Ndugu zangu, lugha yetu ni tamu lakini ina mtego. "Anakunywa." Nani? Mwanamume, mwanamke, mimi, yule? Haisemi. Shangazi alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuwasikiliza watu wanaokuja kwa ajili ya "mtu".

Akanishika mkono. "Huyo mtu leo amefanya jambo la ujasiri mkubwa."

Nikadhani ananisifu kwa kumtafutia kaka msaada. Nikasema ahsante.

Nikatoa bahasha. Akahesabu, akaandika risiti. Akanipa fomu. Palipoandikwa "jina kamili" nikaandika langu, si hela ni zangu? Nikatia sahihi.

Muuguzi akaja akachukua simu yangu, akaifungia kwenye bahasha. Nikaona labda ndiyo taratibu za wageni. Akanipa nguo za kijani. Nikasita, lakini nikaona haya kuuliza.

Akapekua mkoba. Akatoa kichupa.

"Hiki cha nani?"

"Cha yule mtu."

"Ndiyo, mpenzi," akasema taratibu, kama mimi ninavyowaambia watoto waliojikojolea. "Cha yule mtu."

Kufika kwenye chumba chenye vitanda sita, mto wangu umeandikwa jina langu, ndipo akili ikafunguka. Nikamfuata muuguzi mbio. Nikamwambia kuna makosa, mimi sinywi.

Akanipigapiga bega, akasema nitayaeleza hayo kwenye duara.

Duara ni wanawake tisa kwenye viti vya plastiki, na kila mmoja anajieleza. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikakusanya sauti yote niliyo nayo.

"Mimi sinywi."

Duara zima likaitikia kwa kichwa, kwa upendo.

"Hata mimi siku ya kwanza nilikuwa sinywi," akasema fundi cherehani mmoja aliyekaa kando yangu. "Nilikuwa sinywi mpaka nikaletwa na toroli."

Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyonihurumia. Mmoja akanipa leso. Mwingine akasema kesi yangu inafanana kabisa na yake.

Shangazi akaniambia basi, kama si mimi, niwaeleze habari za huyo mtu.

Nikawaeleza. Sijui sauti ilitoka wapi. Niliwaeleza mtu aliyejinyima viatu ili mimi nivae viatu vya shule. Niliwaeleza herufi zilizonyooka, na namna zilivyoanza kulala moja baada ya nyingine. Kwamba kila asubuhi nasimama mlangoni kwake kusikiliza kama anapumua kabla sijaenda kazini. Kwamba naogopa siku moja nitasikiliza na nisisikie.

Wanawake wakalia. Fundi cherehani akanikumbatia, akaninong'oneza nijisamehe.

Nikakaa na leso yangu.

Saa tisa alasiri mgonjwa mpya huruhusiwa simu moja kwa ndugu. Nikapiga.

"Kaka, nimelazwa."

"Una nini?"

"Pombe."

"Imekumwagikia?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikakatika katikati, kama amekanyaga kitu. Akauliza ni kituo kipi. Nikamwambia kile cha nyuma ya maseremala. Nikamsikia akitafuta viatu.

"Nakuja," akasema.

Alifika amechana nywele, amefunga vifungo vya shati kimoja juu kimoja chini, mkono kwenye bandeji. Harufu ilimtangulia hatua mbili. Akasimama mbele ya meza ya Shangazi kwa heshima zote, akaeleza kwamba mdogo wake hanywi, kwamba hata dawa ya kikohozi huipima mara mbili kisha akaiacha.

"Ndugu wote husema hivyo," Shangazi akajibu, na kuweka kichupa mezani. "Hiki tumekitoa kwenye mkoba wake."

Kaka akakitazama. Na mimi nikakitazama, ndipo nikaona kitu ambacho sikukiona asubuhi. Ubavuni palikuwa na alama ya kidole gumba. Ya bluu. Bluu ya ukuta wa shule.

Shangazi naye akaiona. Macho yake yakahama taratibu kutoka kwenye chupa kwenda kwenye kucha za kaka.

Nikafungua mdomo niseme ni changu. Wallahi ningelala pale siku tisini kuliko kumwona kaka akiaibika. Tena kisingizio nilikuwa nacho, chekechea tunapaka rangi kila Ijumaa.

Kaka akaniwekea mkono kichwani, kama alivyokuwa akifanya nikiwa na miaka minane.

"Ni changu," akasema. "Mama, mimi si..."

Akasimama hapo. Nilimwona akiitafuta ile sentensi yake ya miaka yote.

"Mimi ni mlevi."

Kwa mara nyingine aliiacha ile SI. Safari hii hakukosea.

Sauti iliyofuata ilitoka mlangoni, ya yule mlinzi, aliyekuwa amemfuata nyuma.

"Shangazi, huyu namfahamu," akasema. "Huyu ndiye yule wa saa."

Kaka akainamisha kichwa.

Mlinzi akaeleza. Tangu mwaka uanze mtu huyu amefika getini mara nne. Anasimama, anapangusa viatu, anauliza saa ngapi. Akiambiwa, anashukuru na kugeuza. Mara ya mwisho alifika mpaka kwenye komeo, akalishika, akasema geti linahitaji rangi, akaondoka.

"Leo hakuniuliza chochote," mlinzi akasema. "Alinipita kama upepo."

Miezi yote nilikuwa natafuta njia ya kumfikisha pale. Kumbe njia alikuwa anaijua kuliko mimi. Mara nne alikuja kwa ajili yake mwenyewe akashindwa kuingia. Alipokuja kwa ajili yangu, geti hakuliona.

Shangazi akavuta faili langu. Akakata jina langu kwa mstari mmoja, akaandika la kaka juu yake. Akapitia kurasa zilizobaki: anakunywa tangu akiamka, mikono inatetemeka, anaona aibu kukubali, amefanya jambo la ujasiri mkubwa.

"Kwingine sibadilishi kitu," akasema. "Kuko sahihi."

Nikarudishiwa nguo zangu na simu. Kaka akapelekwa upande wa wanaume, muuguzi kamshika kiwiko. Hakugeuka kunitazama, na nilijua kwa nini. Angegeuka tungelia wote.

Nilitoka getini saa kumi na moja na robo. Nilikuwa nimelazwa kwa muda wa saa saba kamili. Mpaka leo fundi cherehani akinipigia simu hunisalimu, "Hujambo, mgonjwa uliyepona haraka kuliko wote."

Siku tisini ziliisha. Tangu atoke, kaka ameteleza mara moja, akarudi kituoni mwenyewe kesho yake asubuhi, kwa miguu. Nusu ya malipo iliyobaki Shangazi alikubali ilipwe kwa brashi: kuta za ndani, mabweni yote, na lile geti. Shahada yangu bado inasubiri. Mimi pia nasubiri, hatugombani.

Ukuta wa shule aliurekebisha bure. Yule kinyozi alikataa bango lake libadilishwe. Anasema siku hizi vijana wanalipenda.

Kazi ya mwisho kituoni ilikuwa kibao cha getini. Shangazi alimwambia aandike jina la kituo, basi. Kaka akaandika jina, herufi zimenyooka kama zamani. Halafu chini yake akaongeza mstari ambao hakuna aliyemwagiza:

KAMA UMEKUJA KUULIZA SAA, INGIA.

Nimeyaandika haya kwa ajili yako uliye na mtu wako nyumbani, unayepiga simu za siri vituoni kwa ajili yake, kwa sauti ya chini. Haya yangu ilinilaza kitanda kisicho changu, na haya yake ilimgeuza getini mara nne. Ukiulizwa umekuja kwa ajili ya nani, usiseme "mtu". Mtaje.

Na ukienda dukani, sema tena kwa sauti. Jana nimepata dawa ya meno.