Marahaba ya Lukuledi

Jumamosi tarehe 11 Novemba 1995, Dominika Chilumba wa Mnyambe, wilaya ya Newala, alimuuliza kijana wa mizani, mbele ya foleni nzima ya wauza korosho, mama yake atakufa lini ili watu waende kula ubwabwa.

Foleni ilicheka. Kijana huyo, Dickson, alishusha jiwe la mizani, akamtazama, akasema, "Mama tumemzika Septemba."

"Basi ubwabwa wangu uko wapi?" Dominika akamrudishia. "Au mmeula wenyewe, wachoyo nyie?"

Watu wakacheka zaidi, mmoja mpaka akashikilia gunia lake asianguke. Dickson aliandika uzito wa korosho za Dominika, akampa karatasi yake, akaita anayefuata.

Kwa mtu aliyekulia Mnyambe, hapo hapakuwa na kosa. Mmakonde kama Dominika na Myao ni watani. Mtani humwita mtani wake mtumwa, humdai chakula cha matanga angali mzima, na siku ya msiba wenyewe ana ruhusa ya kujilaza kaburini mpaka apewe chochote ndipo atoke. Anayekasirika ndiye huonekana hana adabu. Jibu linalosifiwa ni lile linalouzidi utani wenyewe, likatamkwa kwa uso mkavu. Uso wa Dickson siku hiyo ulikuwa mkavu kweli.

Kwamba Dickson ni Myao, Dominika aliona ana ushahidi. Asubuhi ile mzee mmoja wa Kiyao aliyeoa kijijini alimsemesha kijana kwa Chiyao, naye akajibu bila kukwama. Alipoulizwa anatokea wapi, alisema Tunduru, kwenye Wayao wengi. Basi.

Miaka michache nyuma swali hilo lisingehitajika. Korosho ziliuzwa kwenye ghala la chama cha ushirika, na karani alikuwa mtu ambaye ukoo wake unajulikana mpaka kwa bibi. Siku hizi msimu ukifunguliwa yanapanda malori ya kampuni za watu binafsi, kila moja na mizani yake na vijana wake waliotoka kusikojulikana. Leo wanapima chini ya bati la soko, kesho wamefuata korosho kwingine. Hakuna anayelalamikia kulipwa papo hapo. Wanacholalamikia ni mizani, na Dominika alianza utani kwa sababu hiyo pia: mtu aliyecheka na wewe huona haya kukupunja.

Jumanne iliyofuata lori lilirudi kuchukua magunia yaliyobaki. Dereva wake, Abdulkadiri, mtu wa Mtwara mjini, aliomba maji nyumbani kwa Dominika. Alipewa kikombe kisichojaa, kwa kuwa Mnyambe maji hupandishwa kutoka bondeni kwa kichwa. Dominika alimuuliza mtumwa wake yuko wapi.

"Mtumwa gani, mama?"

"Yule Myao wako wa mizani."

Abdulkadiri aliweka kikombe chini. "Dickson si Myao. Mnyiramba wa Singida. Baba yake alikuwa bwana misitu Tunduru, ndiyo maana kakulia kule. Na mama yake kafa kweli, Septemba. Taarifa ilimkuta tuko barabarani, akafika kwao wameshazika. Ule usiku wa Jumamosi hakula. Jumapili akaomba ahamishwe gari."

"Ameenda wapi?"

"Upande wa Masasi. Chiungutwa, nadhani."

Dominika alichukua kikombe, akakisuuza, akakifunika, kisha akakifunua na kukisuuza tena. Dereva alipoondoka alikuwa bado amesimama.

Ana miaka hamsini na nane, mjane, na ni kungwi. Mafunzo ya wasichana aliyarithi kwa mama yake mkubwa, na wanawake wengi wa Mnyambe walio chini ya miaka arobaini wamepita mikononi mwake. Mengi anayofundisha ni ya ndani na hayaandikwi gazetini. Moja analieleza kwa yeyote. Ndani ya nyumba ya unyago huweka kigoda. Msichana akimtukana mwenzake, au akimcheka, hapigwi. Anakalishwa kwenye kigoda, na aliyetukanwa anasimama mbele yake na kumwambia maneno yale yale, neno kwa neno, wenzao wakisikia. Kisha wanakula sahani moja. "Ukimpiga atakumbuka fimbo," anasema Dominika. "Ukimkalisha atakumbuka neno lake."

Ana mwiko mmoja pia: hamwekei msichana mkono kichwani siku ya kwanza ikiwa yeye mwenyewe ana neno na mtu ambalo halijamalizwa. Mwaka mmoja alichelewesha unyago kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba na shemeji yake. Mwaka huu shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, na wasichana walikuwa wakisubiri.

Jumatano asubuhi alifunga nguo kwenye kanga, akampeleka mama yake mzazi, ambaye haoni tena, kwa jirani. Jirani huyo ni Cecilia, na bintiye alikuwa miongoni mwa wanaosubiri.

"Mama Nikolao, unakwenda wapi na jua hili?"

"Chiungutwa. Nina neno na mtu."

"Yule wa mizani? Ndiyo umfuate mpaka huko? Si umtumie salamu kwa dereva!"

"Wewe nilikufundisha hivyo? Kuomba radhi kwa salamu?"

Cecilia alicheka, lakini akamfuata mpaka njiani. "Nisikilize. Nguo za mtoto nimeshanunua, ndugu wa Mtwara wameshaambiwa. Kuna kungwi mpya Newala mjini, ana redio kaseti na spika, anamaliza kwa wiki moja. Wenzangu wameshaanza kumtaja. Mimi nakuvumilia, ila usinifanye nichekwe na watu."

"Mpelekeni."

"Nani kasema tunampeleka? Nimesema wanamtaja."

Chiungutwa alifika jioni, juu ya magunia, baada ya lori kuteremka mteremko wa Newala kwa gia ndogo huku abiria wakiwa wameshika kamba. Pale sokoni mizani ilikuwepo, kijana wa mizani hakuwepo. Aliyekuwa anapima alimwambia Dickson amehamia Masasi mjini. Dominika alilala kwa mwanamke aliyemkuta kisimani, ambaye alimpa ndoo nzima ya maji ya kuoga. Aliitazama ndoo ile kwa muda, akaoga nusu.

Masasi mjini alizunguka ghala kwa ghala. Kila kampuni ilikuwa na Dickson wake, na hakuna aliyekuwa yeye. Kwenye ghala moja vijana waliokaa juu ya magunia walimwita.

"Bibi, huyo Dickson kakupa mimba?"

"Angekuwa na uwezo huo nisingemtafuta kwa miguu," akawajibu, na wakati wanacheka alitambua kwamba hakuwauliza na wao ni watu wa wapi. Alitoka bila kuaga. Usiku ule alilala sebuleni kwa binamu yake, akaamka mara nyingi kuuliza kama kumekucha, mpaka binamu akamwambia kama hawezi kulala, awaache wenzake walale.

Ijumaa mtu wa baiskeli alimwambia gari la kampuni ile limeonekana Lukuledi, karibu na misheni. Akaenda.

Lukuledi foleni ilikuwa ndefu. Alimwona Dickson kabla hajaonwa: shati lile lile, kalamu sikioni. Dominika hakuwa na gunia, kwa hiyo watu walimpisha wakidhani amekuja kuuliza bei. Kijana alipoinua uso alimtambua. Mkono wake ulibaki juu ya jiwe la mizani.

"Shikamoo, mama," alisema.

Dominika hakuitikia.

Ilikuwa jambo la kuonekana. Mwanamke mtu mzima ameamkiwa na kijana, mbele za watu, akanyamaza. Mama mmoja kwenye foleni alisema kwa sauti, "Makubwa! Mtoto anakuamkia, bibi." Dickson aliona ameongezewa tusi juu ya lile la kwanza. Aligeukia mizani.

"Kama huuzi, naomba unipishe, mama. Watu wanasubiri."

"Sijakuitikia kwa sababu sina haki nayo," Dominika alisema. "Subiri kwanza niseme."

Kisha alipiga magoti pale chini, kwenye maganda na mavumbi, akainama mpaka kichwa kikawa chini ya meza ya mizani, vile anavyowafundisha wasichana kumwamkia mkwe. Dickson aliruka nyuma kana kwamba ameona nyoka.

"Mama, inuka! Inuka, watu watasema nini?"

"Nilidhani wewe Myao. Nilikutania. Nimeambiwa wewe si Myao, na mama yako amekufa kweli. Nakuomba radhi."

Dickson alimshika bega kumwinua, akashindwa, akachuchumaa naye. Kwa muda wakawa wawili chini, na mizani juu yao ikining'inia bila gunia.

"Kwa hiyo ningekuwa Myao isingekuwa kosa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Isingekuwa kosa."

"Hata kama mama kafa?"

"Hapo ndipo ungenidai mimi. Ungenipaka majivu, nami ningekushukuru."

"Kwetu nasi tuna watani," Dickson alisema. "Lakini tunauliza kwanza."

Miaka yote Dominika amewaambia wasichana kwamba mgeni huulizwa kwao ni wapi kabla hajaulizwa lolote jingine, na siku ile alikuwa ameridhika na Tunduru. Alivuta gunia tupu lililokunjwa, akalikalia kama kigoda.

"Niambie vile vile," alisema. "Mama yangu yu hai. Haoni, yuko Mnyambe kwa jirani. Niambie atakufa lini uje kula ubwabwa. Halafu nikijibu, niambie ubwabwa wako uko wapi."

"Siwezi."

"Ndivyo tunavyofanya. Sema."

"Mama, siwezi kumwambia mtu mzima maneno hayo. Hata kwa utani. Sikulelewa hivyo."

Wale wa foleni walikuwa wamesogea. Mzee mmoja alipendekeza aseme tu yaishe, jua linachoma. Mwingine akasema korosho zake hazina uhusiano na mama wa mtu. Dickson alisimama, akajipangusa magoti, akaondoa jiwe moja kwenye mizani, akalirudisha pale pale.

"Nilikuamkia," alisema. "Hujaniitikia mpaka sasa."

Dominika alikaa juu ya lile gunia. Alikuwa amesafiri kutwa tatu kwa ajili ya maneno ambayo hakupewa, na alichopewa badala yake hakukijua thamani. Aliinuka.

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za Mnyambe?"

"Nzuri. Habari za Singida?"

"Sijui. Sijaenda tena."

Akaita anayefuata.

Jumapili Dominika alikuwa Mnyambe. Cecilia alimkuta uani akifagia mahali palipofagiliwa.

"Amekusamehe?"

"Ameniuliza habari za nyumbani."

"Sasa hiyo ndiyo nini? Amesamehe au hajasamehe?"

"Sijui, Cecilia. Aliniamkia, nikaitikia. Maneno hakuyasema."

"Basi limekwisha! Kijana mwenyewe kalimaliza. Mtoto wangu anaingia au haingii?"

Dominika hakumjibu siku hiyo, wala kesho yake. Wiki ile alionekana njia ya kisimani na ya shamba, kisha akienda tena kisimani ilhali ndoo za nyumbani zimeshajaa. Wazazi wa wasichana wawili walikwenda Newala mjini kumwona kungwi wa spika. Mama yake kipofu alimwambia aache kutembea, anamtia kizunguzungu kwa kishindo cha miguu. Ndipo alipomweleza, kwa mara ya kwanza, alichomwambia kijana. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huko Lukuledi kijana alikuwa amekonda.

"Sikuangalia," Dominika alisema.

"Ulikwenda mbali hivyo, hukumwangalia?"

Mwisho wa mwezi alikwenda kwa Cecilia mwenyewe, akasimama mlangoni, akakataa kigoda alichopewa. Alisema atafungua unyago. Wale wasichana wawili hawatakuwepo, wameshaandikishwa mjini, na hana neno nao wala na mama zao. Mwiko wake hajui kama ameutimiza au ameuvunja. Kwa kuwa maneno yake hayajarudishwa na kijana mwenyewe, yatarudishwa na wengine.

"Na nani?" Cecilia aliuliza.

"Na mwanao. Ndiye mkubwa wao."

"Mwanangu akutukane wewe?"

"Ajue kabla hajatukana mtu."

Cecilia alishika kiuno, akatazama pembeni, akasema watu wa kijiji hiki wana vituko, kisha akauliza siku.

Wasichana wanaingia Jumamosi tarehe 9 Desemba. Watamkuta Dominika amekaa kwenye kigoda, na kabla hajamwekea yeyote mkono kichwani, binti wa Cecilia atasimama mbele yake na kumuuliza mama yake atakufa lini. Mama mwenyewe, ambaye haoni lakini anasikia vizuri, ameomba awekewe mkeka karibu na mlango.