Mhesabu samoni aliyewafungia samaki mlango bila kujua

Saa kumi na moja na robo alfajiri jua la kiangazi cha kaskazini ya mbali limeshatoka kitambo, na Pelagia Evan amelala kifudifudi juu ya kidaraja chembamba kinachokatiza mto. Kidevu kiko ukingoni, macho yako majini. Mbu wamemjaa kwenye kofia na wala hajishughulishi nao. Kila mkono umeshika kifaa kidogo cha chuma cha kuhesabia, na kila samaki anapopita chini yake, kwenye mlango wa uzio wa nguzo unaoziba mto kutoka ukingo hadi ukingo, kidole gumba kinabonyeza.

"Mbwa. Mbwa. Mbwa," ananong'ona, na kidole cha kulia kinakwenda. Hao ni samoni wadogo, ambao tangu zamani walikaushwa kwa ajili ya mbwa wa kuvuta sleji. Kisha kidole kinasimama. Kivuli kirefu chenye mgongo mwekundu kinapanda polepole kutoka kwenye kina, kinasita mlangoni, kinapita. Kidole cha kushoto, cha samoni wakubwa kuliko wote, kinashuka. "Mfalme."

"Huyo nimemwona hata mimi," anasema mwenzake, Evon Pavila, akiwa amesimama nyuma na kikombe cha kahawa.

"Wewe umeona kahawa yako, shemeji. Nyamaza."

Leo ni Alhamisi, na haya si masihara. Usiku wa jana daftari lilifungwa kwenye wafalme 871. Kanuni ya msimu huu inajulikana mpaka na watoto wa kijiji cha Kuiggayak: wafalme mia tisa wapite kwenye uzio kabla ya saa sita mchana wa leo, ndipo watu waruhusiwe kutega nyavu kwa saa kumi na mbili. Wasipofika, mto unabaki umefungwa, na huu utakuwa mwaka wa nne vichanja vya kukaushia samaki vya kijiji kizima kusimama vitupu.

Pelagia ana miaka arobaini na sita, na huu ni msimu wake wa kumi na moja kwenye uzio. Kazi yake ni ya wiki kumi na mbili kwa mwaka, dola ishirini na sita kwa saa. Miezi mingine anapika katika jiko la shule. Anahesabu, anapima urefu, anabandua magamba matatu kwa kibano ili wenye hadubini mjini wajue samaki ana umri gani, anafukuza dubu, anaondoa magogo yanayokuja na mafuriko. Kisha kila jioni anatuma namba ofisini, na ofisi ndiyo inayosema mto ufunguliwe au ufungwe.

Kwa maneno mengine, ni yeye anayewaambia ndugu zake kama watakula.

"Watu hawanichukii," anasema. "Lakini ukiingia dukani mazungumzo yanakatika. Unajua yalikuwa yanamhusu nani."

Mwishoni mwa Juni mambo yalichacha. Samoni wa mbwa walikuwa wakipita kwa mamia, lakini wafalme walikuja watatu leo, kesho watano. Kufikia Jumamosi iliyopita walikuwa 240 tu. Agafia Wassillie, mwenye duka, ambaye ni shangazi yake upande wa baba, alimrushia neno mbele ya wateja bila hata kuinua macho kutoka kwenye mzani: "Mwenzetu huyo analipwa kwa kutuambia hakuna samaki."

Pelagia alilipia betri zake akatoka. Anasema alilia ndani ya boti, akijifanya anahangaika na injini.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani. Mama yake, Matrona, ana miaka themanini na mmoja. Katika ujana wake alikuwa akipasua wafalme arobaini kwa siku, na mpaka leo wanawake wa hapo wakitaka kumsifu binti wanasema kisu chake kimenyooka kama cha Matrona. Miaka miwili hii vidole vimeanza kukakamaa. Majira ya baridi alimwambia Pelagia neno moja tu, tena kwa sauti ya kawaida, akikunja nguo: "Ningependa kupasua mara nyingine kabla havijagoma kabisa." Hakulirudia.

Hapo ndipo inapoingia habari ya ubao.

Mwaka jana maji yalikuwa ya tope na Pelagia alisumbuka kutofautisha samaki. Kwenye mafunzo ya mjini alisikia kwamba mito mingine huwekwa kitu cheupe chini ya mlango, ili kila mgongo unaopita uonekane waziwazi. Wazo lilimkaa. Mwezi Juni alichukua ubao mpana, akaupaka rangi iliyobaki baada ya kanisa kupakwa upya, akaulaza chini ya mlango na kuukandamiza kwa mawe.

"Nilijivuna, nisikufiche," anasema. "Samaki walionekana hivi, kama wamewekwa kwenye sahani. Nikamwambia Evon, mwaka huu hakuna anayeweza kusema nimekosea hesabu."

Hesabu haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwingine, na lilikaa mtoni siku kumi na tisa kwa sababu ya adabu.

Kuiggayak hakuna anayeuliza samaki ni wangapi. Kuwataja kwa namba ni kujigamba juu yao, na samaki ambaye watu wanajigamba juu yake hurudi alikotoka, ndivyo walivyolelewa. Ndiyo maana Pelagia huhesabu kwa kidole na kuandika kwa kalamu, na namba yenyewe haimtoki mdomoni akiwa kijijini. Wazee nao, kwa heshima yake na ya samaki, hawamuulizi chochote kuhusu kazi. Mtu akitaka sana kujua, anauliza habari za maji.

Jumamosi iliyopita aliendesha boti kwa muda wa saa mbili kwenda nyumbani kuoga mvuke, kama kila mwisho wa wiki. Alimkuta mama yake mezani, na mbele yake nyama ya kopo na biskuti ngumu. Matrona humwita binti yake "baba", kwa kuwa alipewa jina la kimila la babu yake mzaa mama.

"Maji yana rangi gani, baba?"

"Ya chai iliyopoa, Mama. Ila mlangoni naona mpaka chini. Nimelaza ubao mweupe."

Mkono wa Matrona ukasimama juu ya kopo.

"Mweupe wa nini?"

"Ili nimwone samaki vizuri."

"Na yeye anaona nini?"

Matrona akasukuma kopo pembeni.

"Mbwa atapita popote, yule hana haya. Lakini mfalme anatembea kwa kujificha. Juu yake kuna tai, kando kuna dubu, halafu wewe unamtandikia theluji mlangoni umwambie karibu ndani? Nilipokuwa msichana, baba yangu, huyo uliyerithi jina lake, alinikataza hata kuosha sufuria za bati mtoni wakati wa wafalme. Zinameremeta."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Uliniuliza? Nyinyi wa ofisini hamuulizi, sisi huku haturuhusiwi kuuliza. Tumekaa tu tunatazamana."

Mvuke ulikuwa tayari, mawe yamewiva. Pelagia hakuvua hata koti. Alirudi kwenye boti akiwa na mavumbi yake ya wiki nzima.

Asubuhi ya Jumapili aliita ofisini kwa redio ya upepo na kumweleza msimamizi wake, mwanamke aitwaye Colleen. Alitegemea kufokewa. Sauti ya upande wa pili ikasema: "Utoe. Andika saa uliyoutoa, na andika sababu." Pelagia akaandika kwamba ubao umeondolewa saa nne na dakika ishirini, kwamba unaonekana kuwazuia wafalme, na kwamba aliyeuweka ni yeye. Akatia sahihi.

Evon ndiye aliyezama kuung'oa, na suruali yake ya mpira inayofika kifuani ikajaa maji. "Kazi ya kuhesabu samaki," alifoka akitoka, meno yakigongana, "hawakuniambia nitakuwa samaki."

Kwa muda wa saa nne nzima baada ya hapo hakupita mfalme. Pelagia anazikumbuka hizo saa kuliko zote za maisha yake mtoni. Labda hawakuwapo. Labda mama alikosea, au labda walikuwapo wakachoka wakarudi baharini. Evon alikoka moto, akapika kahawa, akamwekea pembeni bila mzaha wowote, na hilo lilimtisha zaidi.

Kisha akaja mmoja, dume kubwa lenye kovu la meno ya sili mgongoni. Akafika mlangoni, akageuka, akashuka na maji. Baada ya dakika tano akarudi, na nyuma yake walikuwa kumi na wawili.

"Walikuwa wamejaa kule kwenye kona, chini ya kingo, siku zote hizo," anasema Pelagia. "Tulikuwa tunaona mikia tukidhani ni walewale wachache. Nilibonyeza huku nalia. Evon aliniuliza kama nimeumwa na nyuki."

Angeweza kunyamaza. Samaki walikuwa wanapita, na hakuna mwanakijiji ambaye angejua habari za ubao. Lakini saa moja jioni, wakati kila nyumba redio iko wazi na watu wanasalimiana kutoka kambi hadi kambi, alishika kipaza sauti.

"Ni Pelagia hapa, kutoka kwenye uzio. Wafalme hawakupungua. Mimi ndiye niliyewazuia. Niliweka ubao mweupe mlangoni wakauogopa, nanyi mkaambiwa msubiri kwa sababu yangu. Leo nimeutoa. Nisameheni."

Redio ikanguruma tupu. Anasema alihesabu pumzi zake kama anavyohesabu samaki. Kisha sauti ya Agafia wa dukani ikaingia.

"Ulikuwa mweupe wa rangi ile ya kanisa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi ndiyo maana. Walidhani ni ibada, wakakaa nje kumsubiri padri."

Kwanza alicheka mtu mmoja, kisha kambi ya juu ikadakia, kisha mzee fulani akawa anakohoa kwa kicheko huku kidole chake kimeng'ang'ania kitufe, hata wengine wasiweze kusema kwa dakika nzima. Kituo kilipofunguka, Agafia alikuwa bado yupo. "Pelagia, ukishuka pitia kwangu. Kuna chai." Tangu mwezi Juni hakuna aliyekuwa amemkaribisha chai.

Pelagia anasema usiku ule alilala kama mtu aliyetua gunia zito.

Ila chai haikaushwi kichanjani, na Alhamisi hii bado kuna hesabu. Saa tatu daftari linasoma 884. Saa tano, 893. Mto unatulia, hata mbwa wanaadimika. Evon ameacha utani. Pelagia anasogeza kiwiko kilichokufa ganzi.

Saa tano na dakika ishirini na tano kivuli kimoja kinatokea, kisha vitatu, kisha kundi zima linapanda kwa pamoja, migongo ikisugua nguzo za mlango. Kidole cha kushoto kinakwenda mbio. Wanapokwisha, anageuza kifaa juani, anasoma, anamwonyesha Evon bila kuitaja namba. Evon anavua kofia, anafutia uso, anaivaa tena.

Ni 916. Pelagia anabaki amelala palepale, paji la uso juu ya mbao, na mabega yake yanashuka.

"Mungu ashukuriwe," anasema. Anairudia mara tatu.

Ofisi ilitangaza saa saba mchana: Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumamosi yenyewe ukingo wa Kuiggayak ulijaa boti, moshi na kelele, na watu waliokuwa wamesahau vichanja vyao vinabeba uzito kiasi gani. Mfalme wa kwanza wa familia ya Pelagia alipelekwa kama ilivyo desturi, mzimamzima, kwenye nyumba isiyo na mvuvi. Wa pili akalazwa mezani mbele ya Matrona.

Mpasuo wa kwanza ulikwenda upande. Matrona akautazama, akanyoosha vidole, akashika upya kisu chake cha kupasulia, chenye umbo la nusu mwezi. Wa pili ulinyooka kutoka shingoni hadi mkiani, na wasichana waliosimama pale wakaacha mazungumzo yao wakatazama. Pelagia naye aliangalia, kisha akageuka akajifanya anatafuta ndoo.

Ana mpango, na Colleen ameshakubali kuupeleka juu. Anataka kuanzia mwakani, kabla nguzo ya kwanza haijaingia mtoni, wafanyakazi wa uzio wakae siku nzima na wazee wa vijiji vitatu, walipiwe petroli na muda wao kama wataalamu wengine, na waulizwe kila kitu: mawe, mbao, rangi, kelele. Jina la kwanza kwenye orodha ni la mama yake.

Alimweleza hayo palepale mezani, damu ya samaki ikiwa imemfika Matrona viwikoni. Alieleza kirefu, kwa furaha, jinsi watakavyofuatwa kwa boti majira ya kuchipua, jinsi watakavyosikilizwa, na jinsi yaliyosemwa yatakavyoandikwa.

"Majira ya kuchipua ni mbali, baba," Matrona alisema, bila kuinua macho. "Niletee mwingine."