Vigingi Vyeupe vya Eunike

Saa moja asubuhi, Eunike Sumari anatua beseni la miche mbele ya genge la Bi Maulida, sokoni Kwa Mrombo. Hajanyoosha hata mgongo, utani umeshamfikia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, profesa wa matope! Leo umeniletea miti au mihadhara?”

“Miti, mama. Mihadhara nimeiacha chuoni.”

“Afadhali. Mihadhara haina kivuli.”

Eunike anacheka hadi anashika kiuno. Ana miaka ishirini na mitatu, yuko mwaka wa tatu chuo kikuu akisomea mazingira, na kila likizo huuza miche anayoiotesha nyuma ya jiko la kwao, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Huku Kwa Mrombo nyumba mpya zinachipuka kila kukicha na kila mwenye kiwanja anataka mti mlangoni. Mche mmoja ni shilingi mia mbili. Soko likichangamka hurudi nyumbani na elfu nane, na si haba.

Leo lakini hakai. Mchana kijiji chao kinapanda miti kuzunguka chemchemi inayolisha mfereji wao, na shamba lililoisogelea chemchemi hiyo kuliko yote ni la baba yake mzazi. Hajui kama mzee atatokea.

“Akija, wote watakuja,” anasema. “Asipokuja, basi nimejichosha bure.”

Mzee Elisaria Sumari alikuwa mkulima wa kahawa, kama baba yake na babu yake. Biashara ilipokuwa huria, wanunuzi wakaja kila mmoja na mizani yake na bei yake, na bei yenyewe ikawa ya kukatisha tamaa. Mzee akavumilia, akachoka, akang’oa mibuni, akapanda nyanya. Nyanya inataka maji, naye kila msimu akashusha matuta kidogo, akiondoa miti, hadi matuta yakafika kwenye jicho la chemchemi. Majirani wakaona, wakafuata.

Kiangazi kilichopita maji yaliishia katikati ya mfereji. Mama Ruth, anayeishi mwisho kabisa, alikuwa anachota tope. Na tangu wanafunzi waanze kuchangia gharama za masomo, ada ya Eunike inatoka kwenye nyanya hizo hizo!

Msichana halifichi hilo. “Sera yetu ya mazingira nimeisoma, na ni nzuri,” anasema, akipanga miche gengeni. “Ila inazungumza kama vile mtu anakata mti kwa ujinga. Baba si mjinga. Anajua mti unaleta maji. Anajua pia kwamba chuo hakisubiri mti ukue. Sera isiyomjibu mtu kama baba itabaki kabatini.”

Maneno hayo makali aliyapata kwa kuungua kwanza. Likizo ilipoanza aliita mkutano, akasimama mbele ya wazee na kutamka kwa sauti ya darasani: “Wazazi wangu, lazima tuhifadhi chanzo hiki.”

Lahaula! Mkutano ukawaka moto. Kwa watu wa mlimani, hifadhi ni kule juu kwenye askari na mpaka, mahali usipokata hata ukuni. Ukilitamka neno hilo mbele yao, kila mtu anakumbuka shamba lake.

“Ametumwa!” mmoja alipiga kelele. “Tumemsomesha aje atuhamishe!”

Kumbe la vigingi lilikuwa bado. Eunike alikuwa amechomeka vijiti kuonyesha mashimo ya miti yatakapochimbwa, na ili watu wasijikwae akavipaka chokaa. Vigingi vyeupe, vimejipanga mstari, chini ya mlima! Watu walipoamka na kuviona hawakuuliza swali. Hadi mchana vyote vilikuwa vimeng’olewa na kuchemshiwa maharage.

“Hata mimi ningeving’oa,” anasema, machozi ya kicheko yakimtoka. “Nilikuwa nimewapimia mpaka kwa mikono yangu mwenyewe.”

Hakukata tamaa. Wiki iliyofuata alirudi mkutanoni bila chokaa na bila neno lile. Alizungumza Kimeru. Alisema chemchemi inatunzwa kama ng’ombe wa maziwa: ukimkamua bila kumlisha, utabaki na kamba. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Ndipo Mama Ruth akasimama.

“Umesema vizuri, binti yangu. Na nyanya za baba yako je?”

Mzee Elisaria alikuwa amekaa benchi la mbele.

“Nazo zitoke,” Eunike alijibu. “Zitoke za kwanza.”

Hakuwa amemwuliza baba yake. Mzee alichukua kofia yake, akatoka, na tangu siku ile hawajazungumza zaidi ya salamu. Hilo ndilo linalomuuma. “Niligawa kilicho chake mbele za watu. Nilichosema kilikuwa sahihi, lakini nilipaswa kuanzia nyumbani, jikoni, kwa heshima.”

Saa nane anapanda njia ya mfereji na beseni tupu kichwani; miche ya kupandwa ilishapelekwa chemchemini jana. Mama Ruth na wenzake wamesimama na majembe mabegani, wanaangalia upande mmoja tu. Hakuna aliyechimba.

Mzee Elisaria yuko katikati ya shamba lake. Nyanya za mwisho zimo kwenye matenga, mashina yamelazwa. Anang’oa vijiti vilivyoyashikilia, kimoja kimoja, na kuvichomeka upya kuzunguka chemchemi, pale mashimo yatakapochimbwa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Anaendelea na kazi. “Na ada itatoka wapi?”

“Miche, baba. Bi Maulida anataka mara mbili ya hii ya leo. Na nikimaliza chuo narudi wilayani hapa hapa. Nataka sheria ndogo za maji ziandikwe kwa maneno ambayo Mama Ruth hayakimbii.”

Mzee anakung’uta udongo kwenye kijiti cha mwisho, anakigeuza mkononi, anampa binti yake.

“Chomeka mwenyewe,” anasema. “Hiki hakina chokaa.”

Nyuma yao, majembe yanaanza kulia.