Mshenga Wangu Mwenye Ndevu

Kazi yangu ni kutafsiri filamu za zamani za Kitamil kwenye kibanda cha video hapa Mwanga, na Kitamil chenyewe sijui hata salamu. Jumamosi mke wangu Asha, aliyenuna akarudi kwao Ujiji na mwanetu Rama, aliingia na mama yake. Kwenye skrini mzee mtakatifu, ndevu hadi kitovuni, alikuwa akimshauri binti. Nikadaka maikrofoni: “Mwanangu, rudi kwa mumeo! Siku hizi anasonga ugali mwenyewe!”

Mama mkwe akafuta machozi. “Huyu mzee ana hekima.”

Papo hapo mzee akabandua ndevu, akamfunga binti kamba, akamtupa ndani ya gari. Kibanda kizima kikanigeukia.

“Haya, Baba Rama,” Asha akasema, “na hapo tafsiri!”