Mtaro wa Mama Kioko

Mwezi wa Januari, mwaka ule mvua ya El Niño ilipokataa kwisha, tulimpoteza mdogo wangu Mutheu. Alikuwa darasa la saba. Mwanangu, siku hiyo naikumbuka mpaka chakula kilichokuwa mekoni, na bado sijaizoea.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nane nikaenda Athi River kufanya kazi ya nyumba. Nilirudi kwetu, huku juu ya mlima wa Katelembo, kwa sababu mvua ilikuwa imebomoa mashamba na mama alihitaji mikono.

Kwetu tuna mwethya. Wanawake wa kijiji hukusanyika wakachimba pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, bila malipo. Nyumba ambayo mama hawezi kuja hutuma binti. Mama yetu alikuwa amevimba mguu, hatembei mbali, kwa hiyo tangu mvua zianze Mutheu ndiye aliyekuwa akienda badala yake. Siku hiyo nilifuatana naye.

Tulikuwa kwa Mama Kioko, tukizibua mtaro wa fanya juu, ule ambao udongo wake hutupwa upande wa juu wa mlima. Mutheu alikuwa amevaa sweta yangu ya zamani, kubwa kuliko yeye, na leso ameikaza kiunoni. Nilidhani ni baridi.

Mama Kioko alikuwa mtu wa mizaha. Akaegemea jembe lake na kuuliza, "Mutheu, wewe unga wako husagwa wapi? Sisi tunakula huo huo na hatunenepi."

"Huyo husagiwa kwa upole," mwingine akajibu.

Wakacheka, wakainama tena kwenye majembe. Na mimi nilicheka. Utani wa mwethya ni wa kusukuma kazi, nami sikusikia zaidi ya hapo. Mutheu hakucheka.

Kabla ya chai aliketi chini ndani ya mtaro. Nikamwendea.

"Tumbo linauma," akaniambia. "Lakini usiwaambie."

Maji yaliyotuama chini yake yakaanza kubadilika rangi. Niliita, na wale wanawake wakatupa majembe. Jambo lililonishtua ni jinsi walivyofanya upesi, kama watu waliokuwa wakingoja. Mmoja alimfungua leso, mwingine akamshika mgongo na kusema, "Miezi yake bado."

"Miezi gani?" nikauliza.

"Kimbia ulete kitanda," akaniambia.

Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba tukashuka naye kuelekea barabarani. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Alifariki tukiwa tumesimama pale ukingoni, tunangoja mto upungue tuvuke. Mtoto wake naye hakupona. Nilikuwa nimemshika mkono, na kwa muda nikawa bado naongea naye.

Siku za matanga wanawake wale wale walikuja na kuni na maharagwe. Susu, mama yake mama yetu, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na ukuta. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu miaka mingi. Alingoja mpaka wote wakaketi, kisha akauliza, "Ni nani alijua?"

Mama Kioko akasema, "Susu, mimi niliona tangu Novemba. Lakini hakuwa mtoto wangu. Ningemwambia mamake vipi? Angesema naharibia mtoto wake jina."

"Hata mimi niliona," akasema mwingine. "Nikafikiri mwaitu, mama yake, anajua."

Mama yetu alikuwa anawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Susu akamgeukia. "Na wewe? Siku damu yake ya kwanza ilikuja, ulimwambia nini?"

"Nilifikiri atafundishwa shuleni," mama akasema.

Mwalimu wake alikuwepo, mama mpole. Alisema kwa sauti ndogo, "Sisi tulifikiri wamemfundisha nyumbani. Tuliona tu kila mwezi anakosa siku kadhaa."

"Zamani wasichana walilala kwangu," Susu akasema. "Nilikuwa nawaambia yote, hata yale ya aibu. Mkajenga nyumba za mabati, kila mtoto na chumba chake, na hakuna mtu alichukua ile kazi yangu. Mimi ndiye sina macho hapa. Nyinyi mko na macho kijiji kizima."

Hakupaza sauti. Sijasikia tena maneno mazito kama hayo.

Yaliyobaki niliyapata kwa rafiki yake Mutheu. Siku zake za mwezi zilipofika hakuwa na kitu cha kujikinga, ndiyo maana alikuwa akibaki nyumbani. Mwenye mashine ya kusaga unga, mtu mzima, ana mke, huomba mbele ya watu kanisani, alianza kumpa pakiti ya pamba kila mwezi. Akamwambia asimwambie mtu, kwa kuwa mambo hayo ni aibu. Pakiti ya pamba, mwanangu. Na mtu huyo alikuja matangani na gunia la unga. Tulikuwa hatujajua, tukaupika, tukala. Tulipojua, hakuna aliyempeleka kwa chifu. Aliendelea kusaga.

Sasa nisikilize. Ukikosa kitu cha kujikinga, sema nyumbani, sema kwa sauti, hata kama baba yako yupo. Mtu mzima akikupa kitu na kukukataza kusema, mrudishie, kisha uje useme. Na ikiwa yamekwisha kukupata, usikaze leso. Tutakasirika, labda tutalia, lakini utakuwa hai. Nawe uliye mama, usidhani mwingine amemwambia mtoto wako. Ukiona mtoto wa jirani ana shida, kunyamaza si heshima. Tuliuita ukimya heshima, tukazika mtoto.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza, mwanangu, na ampe mtu huyo subira ya kukaa mpaka umjibu.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mwethya. Nduku, msichana wa jirani, alikuwa amevaa koti na jua linawaka. Aliinama kuinua karai la udongo, akashika mgongo, akatazama kama kuna aliyemwona. Wanawake wengine waliangalia chini. Niliweka jembe langu nikamwendea mamake, tukasogea kando.

"Mama Nduku, mtoto yuko na nini?"

"Hayo ni ya nyumba yangu," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sijaenda kwa hao."

Alinitazama kwa hasira. Kisha akamtazama mtoto, kwa muda mrefu, kama ndiyo mara ya kwanza. Akajifuta mikono kwenye leso yake.

"Nduku," akaita. "Weka hiyo karai chini. Kuja hapa, mama."

Nduku akaliweka chini, akaja, akakaa katikati yetu.