Dobi Alipovaa Miwani

Dobi wa Bombolulu hanyunyizii nguo kwa chupa. Hubugia maji mpaka mashavu yakatuna, kisha huyapuliza, fyuuu, na manyunyu hutua kwenye kitambaa laini kama umande. Pasi yake ya mkaa ikipita, mvuke hupanda, naye huupungia mkono: "Nenda salama, usirudi!" Kafedha wa gredi ya nne, jirani yake, huja kibandani kusikia kwaheri hiyo tu.

Jumamosi ile dobi alivaa miwani, ya kwanza maishani mwake, na mezani palikuwa na kanzu ya bwana harusi, nikaha ni alasiri. Akapuliza, akapiga pasi, akabugia tena, akainama kuitazama tarizi ya shingoni. Mvuke ukamvaa usoni. Vioo vikawa vyeupe pe! Macho hayaoni, pasi ya moto iko juu mkononi, kinywa kimejaa. Akikifungua tu, kanzu imerowa chapachapa. "Mmm! Mmmm!" akazunguka pale pale kama pia.

Kafedha alicheka hadi akakaa chini. Kisha akapanda kigoda, akapitisha kidole kwenye kioo na kumwonyesha tone. "Babu, si maji yako haya? Mvuke umegusa kioo, umepoa, umekuwa maji tena."

Dobi akalimeza funda lake, gudu! "Wallahi! Kumbe siku zote hayarudi kwa sababu hayana pa kufikia?"

Akabugia, akapuliza, akapiga pasi, kisha akautoa uso mbele kwa kupenda, miwani ikimeremeta. Mvuke ukapanda.

"Karibu!" akaupokea.