Halbadiri kwa Mashine ya Maji

Kwa nini mtu abishe mlango wangu asubuhi mbili mfululizo, nami nimo ndani namsikia akipiga hodi kwa adabu, nisimfungulie? Nina shahada ya chuo kikuu, nina miaka arubaini na tisa, na nimezoea kuwaeleza wenzangu sababu za mambo. Sababu ya hili siijui.

Nimekosa. Naandika bila jina, ingawa mtaani kwetu hapa Wete wote wanajua. Aliyehitaji kusitiriwa ni yule niliyemkosea, ambaye jina lake limetajwa vya kutosha. Nitamwita Mzee Athumani.

Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi ya mtaa. Wizi ulikuwapo, sikanushi: baiskeli ilichukuliwa nje ya msikiti, mitungi ya gesi iliondoka majikoni. Lakini aliyeanzisha orodha ni mimi. Kila kilichopotea nilikiandika na kukituma kwenye kundi letu la simu, hata kuku, hata kanga iliyopeperushwa na upepo kutoka kwenye kamba. Sikumuuliza mtu kama ana hakika. Orodha ikarefuka, watu wakaanza kufunga madirisha mchana na kuwatazama wapita njia pasi na kuitikia salamu. Tukawa mtaa wa watu waliokasirika, na hasira ile ilihitaji sura ya mtu.

Tukaichagua ya Mzee Athumani, fundi baiskeli, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Babu yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu. Yeye kazaliwa hapa, wazazi wake kawazika hapa, na Kipemba chake ni kizuri kuliko changu kilichoharibiwa na shule. Hata hivyo watu wakichukia humwita mtu wa bara. Nilikuwa nikisikia na kunyamaza.

Kisha mimi na mke wangu tukaenda Unguja wiki nzima kwa matibabu yake. Tuliporudi, mashine yangu ya petroli ya kuvutia maji kisimani haikuwapo uani. Kufuli ya geti ilikuwa nzima, jambo ambalo mwenye akili angelitafakari. Bi Time wa nyumba ya mbele akaniambia amemwona Mzee Athumani akipakia kitu kizito kwenye pikapu mbele ya geti langu. Kwangu mimi kesi ikawa imekwisha.

Asubuhi ya kwanza alipopiga hodi, nilimwambia mke wangu aseme sipo. Asubuhi ya pili nilikaa na kikombe cha chai mkononi, nikamsikiliza mpaka nyayo zake zikaondoka. Siku ya tatu alinikuta barazani mbele ya duka, watu wamejaa.

"Mwanangu, nina neno lako," alisema.

"Neno lako utalisema siku ya kisomo," nilimjibu.

Watu wakacheka. Mmoja akamwambia asiwe na haraka, ulimi utalegea wenyewe.

"Haya," alisema Mzee Athumani. "Na kisomwe."

Kisomo nilichokusudia ni Halbadiri, dua ya kumshtakia mwizi kwa Mungu. Nani kisiwani asiyeiogopa? Husemwa kwamba itakayemshika huvimba au huwehuka. Shehe wa msikiti wetu hakuipenda haraka yangu. Aliniuliza swali moja tu: "Una yakini kwamba imeibiwa?"

"Nina yakini, Shehe."

Ikatangazwa kwa kipaza sauti, mwizi akapewa wiki moja arejeshe, kisha ikasomwa baada ya sala ya alasiri. Mzee Athumani alikuja. Alikaa safu ya pili, akafungua viganja vyake, na amina yake ilisikika kuliko yangu.

Siku chache baadaye mguu wake ukavimba. Ana kisukari, tunakijua miaka yote, lakini hakuna aliyetaka kukikumbuka. "Kaanza mguu, tumbo lafuata," walisema barazani, nao wanacheka. Baiskeli hazikupelekwa tena kwake. Hakuna aliyekwenda kumkagua na kumpa pole. Mkewe alimwomba jirani mwenye gari ampeleke mumewe hospitali, jirani akakataa asije akachanganyika na laana ya mwingine. Vidole vya mguu vikaanza kuwa vyeusi.

Na mimi niliandika nini kwenye kundi? "Alhamdulillahi, haki imedhihiri." Ujumbe huo ninao bado. Wiki hiyohiyo mtungi mwingine wa gesi uliibiwa, na hakuna aliyeniletea habari niuandike, kwa kuwa mwizi wetu tulikuwa naye tayari.

Kisha dada yangu akaja kutoka shambani kwake Kiuyu. Alishuka kwenye pikapu na ndoo ya tungule, nyanya alizozilima mwenyewe, na nyuma yake dereva akashusha mashine yangu. Dada ana ufunguo wa geti. Tungule zake zilikuwa zikinyauka kwa ukame, simu yake ilikuwa imeharibika, akaichukua mashine tukiwa Unguja. Wiki zote zile sikwenda hata mara moja kumjulia hali. Nilikuwa nashughulika na usalama wa mtaa!

"Mbona umeganda?" aliniuliza. "Kwani Mzee Athumani hakukwambia? Yeye ndiye aliyenisaidia kupakia. Nilimwachia maneno."

Mke wangu alisema, "Alikuja mara mbili."

Jioni ile nilitafuta namna ya kujisitiri. Niliwaza kumnong'oneza Shehe, kuufuta ujumbe, kuandika kwamba mashine "imeonekana". Niliyapanga maneno kama mtu anayeandika ripoti. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mguu wake?"

Ewe unayeweka orodha ya wezi wa mtaa wako, nakuonya kwa uchungu: kabla ya kuandika jina la mtu, mfungulie mlango umsikilize. Usiseme una yakini wakati ulicho nacho ni chuki. Na usidhani elimu itakuzuia. Mimi elimu ilinipa maneno mazuri ya kumwangamiza jirani yangu.

Nilimwomba dereva alale kwetu, kesho yake tumpeleke Mzee Athumani hospitali. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, nilikiomba kipaza sauti kilekile. Nilisema mashine haikuibiwa, yakini yangu ilikuwa ya uongo, na Mzee Athumani hana kosa. Sauti moja ikauliza kutoka nyuma, mguu je? Nikajibu kwamba ni kisukari, na sisi ndio tuliomnyima gari.

Jua lilipotoka tukapita na pikapu mbele ya baraza zote, mashine ikionekana nyuma, mpaka mlangoni kwake. Nikapiga hodi. Nilisimama muda mrefu, na nilistahili kusimama.

Alifungua mwenyewe, kaegemea fimbo. Hakuningoja niseme.

"Dadako kanituma nikwambie," alisema. "Mashine kachukua yeye. Atakurejeshea."

Kisha akanyoosha mkono apandishwe garini. Nikambeba.